Lubumbashi hadi Ndola: Mwendo wa Nusu Saa

Wako watu wanaopenda kuuliza swali fupi na kupewa jibu fupi: kutoka Lubumbashi mpaka Ndola kwa ndege ni mwendo gani? Jibu fupi lipo. Ukivuta uzi ulionyoka kutoka kiwanja cha ndege cha Luano, hapa kwetu, mpaka kiwanja cha zamani cha Ndola, katika nchi ya Zambia, utapata kilomita 200 hivi. Ndege ya abiria yenye injini mbili za pangaboi huzimaliza kwa nusu saa na dakika chache. Basi, aliyeuliza ataridhika na kwenda zake.

Lakini sisi tunaoishi katika mji huu twajua ya kuwa jibu hilo ni nusu tu ya habari. Kilomita hizi 200 zimepata kuwa safari ya siku kumi kwa miguu, na zimepata kuwa safari ya siku moja kwa gari la moshi. Tena yuko mtu mkubwa wa ulimwengu aliyelazimika kuikwepa anga ya Katanga ili afike Ndola, wala hakufika. Katika mambo hayo yote umbali haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni muda. Kwa hiyo leo tutazame habari za viwanja hivi viwili: jinsi umbali unavyopimwa, na jinsi wanadamu wenyewe wanavyoufanya muda kuwa mfupi au mrefu.

Umbali na muda hupimwaje

Dunia ni mviringo. Kwa hiyo njia fupi kuliko zote kati ya miji miwili ni ile inayofuata mgongo wa dunia, wala si mstari uliochorwa kwa rula juu ya karatasi. Katika safari ndefu, kama ya kutoka Afrika mpaka Amerika, tofauti ni kubwa. Katika safari ya kilomita 200 tofauti haionekani. Warubani hawahesabu kwa kilomita, bali kwa maili za baharini. Maili moja ya baharini ni mita 1,852. Kipimo hicho walikirithi kwa mabaharia. Ukichukua duara ya dunia ipitayo katika ncha zake mbili, ukaigawanya katika digrii 360, kisha ukagawanya kila digrii katika dakika 60, dakika moja ndiyo maili moja ya baharini. Kwa kipimo hicho, kutoka Luano hadi Ndola ni maili 108 hivi.

Muda ni jambo jingine. Ndege haiendi mwendo mmoja tangu mwanzo hata mwisho. Kwanza hutambaa chini mpaka mwanzo wa njia yake ya kurukia, kisha hungoja ruhusa ya mnara, hukimbia, hupanda, na ikikaribia kufika hupunguza mwendo ili ishuke. Ndege kubwa ya jeti, iwezayo kwenda kilomita 800 kwa saa, haipati nafasi ya kukimbia hivyo katika njia fupi kama hii. Kabla haijamaliza kupanda, imekwisha kuanza kushuka.

Tena kuna upepo. Tufanye hesabu ndogo. Ndege ndogo iendayo kilomita 200 kwa saa, siku isiyo na upepo, itachukua saa moja kamili. Wakati wa kiangazi upepo wa kwetu huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki, na Ndola iko upande huo huo. Upepo wa kilomita 30 kwa saa ukiikabili ndege ile, mwendo wake juu ya nchi utakuwa kilomita 170 tu kwa saa, na safari itachukua dakika 70 hivi. Ikirudi, upepo ule ule utaisukuma mgongoni, nayo itafika kwa dakika 52. Njia ni moja, ndege ni moja, siku ni moja. Lakini kwenda na kurudi havilingani. Na wakati wa masika rubani huweza kukuta ukuta wa mawingu yenye radi, ikambidi auzunguke.

Hata nchi yenyewe ina neno lake. Luano iko mita 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari, na Ndola mita 1,270 hivi. Mahali pa juu hewa ni nyepesi, na jua likiwaka huwa nyepesi zaidi. Mabawa hukosa nguvu na injini hupungukiwa. Ndiyo sababu ndege ikiwa na mzigo mzito huhitaji njia ndefu ya kukimbilia, na njia ya Luano ina urefu wa zaidi ya kilomita 3.

Njia ya miguu na njia ya moshi

Mtu akitazama chini kutoka dirisha la ndege katika njia hii, kwanza ataona nchi ya Kongo. Ndipo mpaka huvukwa, na mbele yake iko Ndola. Barabara ya motokaa haifuati njia hiyo. Hushuka kwanza mpaka Kasumbalesa, huvuka mpaka pale, kisha hupita Chililabombwe, Chingola na Kitwe kabla ya kufika Ndola, na jumla yake ni zaidi ya kilomita 250.

Mpaka huo haukuwekwa na wenyeji. Ulipatanwa mwaka 1894 kati ya Uingereza na dola ya Kongo ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ukafuata kilele cha nchi kinachogawanya maji yaendayo mto Kongo na maji yaendayo mto Zambezi. Walamba, wenye nchi hiyo tangu zamani, wakajikuta wengine huku na wengine kule, ndugu wa ukoo mmoja chini ya serikali mbili.

Kabla ya hapo watu walikwenda kwa miguu. Katika siku za Msiri, aliyetawala Bunkeya mpaka alipouawa mwaka 1891, misafara ilichukua shaba, chumvi na pembe za ndovu, na hata watumwa, ikavuka nchi hizi mpaka pwani za mashariki na za magharibi. Msiri mwenyewe asili yake ilikuwa upande wa Unyamwezi, na kwa njia za biashara hiyo Kiswahili kilianza kusikika huku Katanga. Mpagazi mwenye mzigo hawezi kwenda zaidi ya kilomita 20 au 25 kwa siku. Ukihesabu mapindi ya njia na vivuko vya mito, mwendo wetu wa kilomita 200 wa angani ulikuwa safari ya siku kumi au zaidi.

Kisha reli ikaja, nayo ilikuja kutoka kusini. Mwaka 1906 ilifika Broken Hill, ndiyo Kabwe ya leo. Mwaka 1909 ilivuka mpaka ikafika Sakania, na mwaka 1910 gari la moshi la kwanza likaingia Elisabethville, mji mpya uliopewa jina la malkia wa Wabelgiji. Twapaswa kukumbuka jambo hili: mji wetu ulizaliwa ukiwa umefungwa kwa chuma na Ndola na nchi za kusini, kabla haujafungwa na Kinshasa, iliyoitwa Léopoldville. Mashine za migodi, unga wa wafanyakazi, makaa ya mawe, hata wazungu wenyewe, wengi walipitia huko. Na reli ile, kwa kupitia Sakania, hufuata karibu njia ile ile inayofuatwa na ndege. Safari ya siku kumi ikawa safari ya siku moja.

Kwenda Léopoldville ilikuwa habari nyingine. Msafiri alipanda gari la moshi mpaka Bukama, akashuka kwa mashua katika Lualaba, akapanda gari la moshi tena, akarudi majini tena, na hivyo hivyo mpaka Stanleyville, ndiyo Kisangani, na kutoka huko kwa meli ya mto. Mwaka 1928 reli ilipofika Port-Francqui, yaani Ilebo, safari ilipungua. Lakini bado ilikuwa reli na mto kwa siku nyingi. Mji mkuu wa nchi yetu ulikuwa mbali nasi kuliko mji wa nchi ya jirani.

Ndege zaingia Kongo

Ndege za kwanza za abiria katika Kongo zilikuwa za majini. Mwaka 1920 zilianza kuruka juu ya mto kutoka Léopoldville, na mwaka 1921 zikafika Stanleyville. Mwaka 1922 kazi hiyo ilikoma. Mwaka 1923 shirika la Sabena liliundwa huko Ubelgiji, na jicho lake lilikuwa juu ya Kongo.

Tarehe 12 Februari 1925 rubani Mbelgiji, Edmond Thieffry, aliondoka Brussels pamoja na wenzake wawili. Alifika Léopoldville tarehe 3 Aprili. Safari ilichukua siku 51. Lakini ukihesabu saa walizokuwa hewani, hazikuzidi 75 na dakika kadhaa. Siku nyingine zote zilikwisha wakiwa chini, kwa matengenezo, kwa kungoja na kwa hali ya hewa. Msomaji na alishike neno hilo, maana ndilo fundisho la habari hii nzima: ndege ikiwa hewani huenda upesi, na sehemu kubwa ya muda wa safari hutumika ardhini.

Miaka michache baadaye Sabena ilifungua njia ya Boma, Léopoldville na Elisabethville, yenye kilomita 2,288. Tazameni namba hiyo. Kutoka Kinshasa mpaka Lubumbashi kwa mstari ulionyoka ni kilomita 1,560 hivi, na kipande cha Boma ni kifupi. Mbona njia ilikuwa ndefu hivyo? Kwa sababu ndege za siku zile zilihitaji kushuka mara kwa mara kutia petroli, na viwanja vyao vilikatwa msituni kwa shoka na jembe na watu wa nchi. Ndege ilifuata viwanja, kama vile mtu wa msafara alivyofuata visima. Mwaka 1935 Sabena ilianza safari za kawaida kutoka Brussels mpaka Kongo, na siku 51 za Thieffry zikawa siku tano na nusu. Thieffry hakuiona siku hiyo. Alikufa kwa ajali ya ndege karibu na ziwa Tanganyika mwaka 1929.

Mwaka 1961: njia fupi yafungwa

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 11 Julai Moise Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Tangu siku hizo kiwanja cha Luano kikawa mlango wa mambo makubwa. Tarehe 12 Agosti 1960 Dag Hammarskjöld, Mswedi, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alishuka hapo pamoja na askari wa kwanza wa Umoja wa Mataifa walioingia Katanga. Tarehe 17 Januari 1961 ndege ya DC-4 iliyotoka Moanda, kule pwani ya bahari ya Atlantiki, ilishuka Luano ikiwaleta Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito wakiwa wamefungwa. Wote watatu waliuawa usiku ule ule. Kwa hesabu ya warubani ile ilikuwa safari ya saa chache iliyofika salama. Twaona hapo ya kuwa saa na kilomita hazisemi kila kitu.

Tarehe 13 Septemba 1961 mapigano yalizuka Elisabethville kati ya askari wa Umoja wa Mataifa na askari wa Katanga. Katanga ilikuwa na ndege ya vita ya jeti, Fouga Magister, iliyoruka kutoka Kolwezi. Kolwezi na Lubumbashi ni kilomita 240 hivi kwa njia ya hewa. Ndege kama ile, iwezayo kwenda kilomita 600 na zaidi kwa saa, hufika kwa dakika 25 hivi. Umoja wa Mataifa haukuwa na ndege ya vita hata moja ya kuikabili. Ethiopia ilikuwa tayari kutoa zake, lakini zilihitaji ruhusa ya kupita juu ya nchi zilizokuwa chini ya Uingereza, na ruhusa hiyo ilikawia. Hivyo ndege moja ilitosha kuifanya anga nzima ya Katanga kuwa ya hatari.

Hammarskjöld, aliyekuwa amefika Léopoldville siku ile ile ya tarehe 13, alitaka kuzungumza na Tshombe ili mapigano yakome. Wakapatana kukutana Ndola. Sababu yake ni umbali ule ule tulioanza nao: Ndola ilikuwa jirani na Elisabethville, lakini ilikuwa ng'ambo ya mpaka, katika Rhodesia ya Kaskazini iliyotawaliwa na Waingereza. Tarehe 17 Septemba Tshombe alikuwa amekwisha kufika, akingoja.

Kutoka Léopoldville mpaka Ndola kwa mstari ulionyoka ni kilomita 1,740 hivi. Ndege ya DC-6, kama ile iliyompakia Hammarskjöld, ilikwenda karibu kilomita 500 kwa saa. Ingalipita moja kwa moja, ingalifika kwa saa tatu na nusu au nne. Lakini njia iliyonyoka ilipita juu ya Katanga. Tena ndege yenyewe, iliyoitwa Albertina, asubuhi ya siku ile ile ilikuwa imepigwa risasi ilipokuwa ikiondoka Elisabethville kwenda Léopoldville, ikabidi itengenezwe. Kwa hiyo rubani wake, Per Hallonquist, hakutangaza njia yake, akaizima redio yake kwa sehemu kubwa ya safari. Alikwenda kwanza mashariki mpaka upande wa ziwa Tanganyika, ndipo akageuka kusini, akaizunguka Katanga.

Iliondoka saa kumi na dakika 51 alasiri kwa saa za Léopoldville, ambazo ziko nyuma ya saa za Ndola kwa saa moja. Ilifika juu ya Ndola yapata saa sita na dakika 10 usiku. Hesabu ni saa 6 na dakika 19. Hofu ya vita ilikuwa imeongeza zaidi ya saa mbili juu ya safari ile, ikauleta mwisho wake katika giza la usiku wa manane. Ndege nyingine, iliyomchukua Lord Lansdowne, mjumbe wa serikali ya Uingereza, ilitangulia kuondoka, ikafika Ndola salama usiku ule ule.

Rubani wa Albertina aliuambia mnara ya kuwa anaziona taa za kiwanja na kwamba anashuka. Baada ya hapo hakusikika tena. Dakika chache tu zilikuwa zimebaki.

Kilomita 15 kwa saa 15

Ndege iliangukia msituni, karibu kilomita 15 upande wa magharibi wa kiwanja. Ndani yake walikuwamo watu 16. Mmoja tu, Harold Julien, Mmarekani aliyekuwa mlinzi, alikutwa hai, naye akafa hospitalini baada ya siku chache.

Sasa fanyeni hesabu pamoja nasi. Mabaki ya ndege yalitangazwa kuonekana yapata saa tisa alasiri ya tarehe 18, saa 15 baada ya kuanguka. Kilomita 15 kwa saa 15. Huo ni mwendo wa kilomita moja kwa saa, na mtoto anayejifunza kutembea angeweza kuushinda. Wakuu waliokuwapo kiwanjani walidhani ya kuwa Katibu Mkuu amebadili nia, akaenda mahali pengine. Taa zilizimwa, watu wakaenda kulala, na msako haukuanza mpaka jua limekwisha kupanda. Mtu aliyekuwa hai alilala msituni na majeraha ya moto usiku kucha na nusu ya mchana, karibu na mji wenye magari na hospitali.

Walikuwako pia watu waliokuwa macho usiku ule: wachoma makaa wa msituni. Baadhi yao walisema waliona ndege ya pili angani, au mwanga usio wa kawaida. Tume ya Rhodesia, iliyotoa taarifa yake mwaka 1962, haikuyapa uzito maneno ya mashahidi hao Waafrika, ikamwekea lawama rubani. Tume ya Umoja wa Mataifa ya mwaka huo huo haikukubali kufunga shauri namna hiyo. Ilisema haiwezi kuondoa uwezekano wowote, hata ule wa kushambuliwa.

Shauri likalala miaka mingi. Mwaka 2013 tume ya watu waliojitolea ililiamsha tena, ikawasikiliza wachoma makaa waliokuwa bado hai, sasa wazee. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliunda jopo lake, na mkuu wake akawa Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu wa Tanzania wa siku zile. Tangu mwaka 2017 aliendelea na kazi hiyo peke yake, na katika taarifa yake ya mwaka huo alisema yaelekea kuwa shambulio au tisho kutoka nje lingaliweza kuwa sababu mojawapo ya ajali. Hata mwaka 2024 alikuwa bado akieleza kwamba serikali chache zenye hati muhimu hazijazifungua zote.

Wahenga husema, njia ya mwongo ni fupi. Njia ya kweli ni ndefu, nayo hii imekwisha kupita miaka 60. Lakini tutazame ilikokwama. Haikukwama mbali. Mashahidi walikuwa jirani na mahali penyewe, umbali wa kutembea kwa miguu. Walichokosa ni mtu wa kuwasadiki.

Tangu hapo hata leo

Mauti ya Hammarskjöld hayakuufuta mkutano wa Ndola. Mjumbe mwingine wa Umoja wa Mataifa, Mahmoud Khiari wa Tunisia, alikwenda kukutana na Tshombe pale pale, na tarehe 20 Septemba 1961 wakatia sahihi mkataba wa kusimamisha mapigano. Baadaye vita vilirudi, na kujitenga kwa Katanga kulikoma mwezi wa Januari 1963. Rhodesia ya Kaskazini ikawa Zambia tarehe 24 Oktoba 1964, na mwaka 1966 Elisabethville ikaitwa Lubumbashi.

Mwaka 2021 Ndola ilifungua kiwanja kipya cha ndege, magharibi ya mji, nacho kilipewa jina la Simon Mwansa Kapwepwe, mmoja wa viongozi waliopigania uhuru wa Zambia. Kiwanja hicho kiko jirani na mahali ilipoangukia Albertina, panapotunzwa kama ukumbusho wa taifa. Kwa kuwa kimesogea upande wetu, njia ya hewa kutoka Luano imepungua ikawa kilomita 190 hivi. Hiyo ndiyo mara ya kwanza umbali wenyewe kubadilika, na umepungua kilomita 10 tu. Leo abiria ashukaye Ndola hushuka katika nchi ile ile ambayo mwaka 1961 ilihitaji saa 15 kutafutwa.

Je, muda nao umepungua? Hapo jibu hutegemea watu. Msafiri akipata ndege ya moja kwa moja, nusu saa na dakika chache zatosha. Asipoipata, huenda akalazimika kupita katika mji mkubwa wa mbali. Tuseme apitie Nairobi. Kutoka Lubumbashi mpaka Nairobi ni kilomita 1,540 hivi, na kutoka Nairobi mpaka Ndola ni 1,580 hivi. Atakuwa ameruka kilomita 3,100 na zaidi ili ashinde 200, na siku yake imekwisha. Akichagua barabara, ataikuta Kasumbalesa, ambako malori ya shaba na ya unga yamepata kungoja siku nyingi yakiwa yamepangana kama siafu. Msafara wa Msiri ungaliweza kuyapita.

Hatusemi hayo kwa kuvidharau vyombo vya kisasa. Twasema hivi kwa sababu mara nyingi watu hufikiri ya kuwa mwendo ni kazi ya injini tu: tukipata injini kubwa zaidi, tutafika upesi zaidi. Historia ya viwanja hivi viwili yaonyesha vingine. Thieffry alikaa hewani saa 75, na siku zake zilikwisha akiwa chini. Albertina ilikuwa na injini nne zenye nguvu, na njia yake ilirefushwa na ndege moja ya adui. Ndege za Ethiopia zilikuwa na mwendo wa kutosha, zikazuiwa na karatasi. Na mtu aliyejeruhiwa alikuwa kilomita 15 tu kutoka kwa waganga, asipate msaada mpaka saa 15 zimepita, kwa sababu hakuna aliyesimama kumtafuta.

Basi, ndugu, mtu akiwauliza Ndola ni mwendo gani, mpeni zile kilomita 200, au 190 za kiwanja kipya, maana ni kweli. Kisha mwambieni pia ya kuwa umbali ni wa nchi, lakini muda ni wa watu. Huamuliwa na yule atoaye ruhusa mpakani au kuizuia, na yule akaaye mnarani usiku, kama atazima taa au atauliza ndege imekwenda wapi. Tena huamuliwa na yule anayemsikiliza mchoma makaa, au asiyemsikiliza. Tshombe alingoja Ndola, Hammarskjöld alikuwa juu ya taa za kiwanja, na kati yao zilibaki dakika chache tu. Dakika hizo hazijatimia mpaka leo.